Bonde la Msemaji Mmoja

Behruz alipoambiwa kwamba dada yake amebaki peke yake, hakuelewa ni upweke wa namna gani. Alidhani majirani wamehama, au paa limeporomoka, au mbuzi wamekufa kwa baridi. Mwanamke aliyeleta ujumbe, mmoja wa wale watu wa mikokoteni wanaopita kila nchi na hawakai hata moja, ilibidi ashushe pumzi na kumweleza pole pole.

"Watu wapo," alisema. "Jirani yupo, mbuzi wapo. Ila hakuna tena aliyezaliwa na lugha yenu wa kusema naye. Mama mkwe wake ndiye alikuwa wa mwisho, na wamemzika. Sabza amesema hivi: mwambieni kaka yangu aje tuzungumze kabla sijafa."

"Amesema tuzungumze?"

"Tuzungumze. Nimeubeba ujumbe huu kutoka mbali, bwana, siwezi kuukosea."

Kwa kweli ujumbe ulikuwa umepita vinywa vingi. Sabza aliusema kwa lugha ya bonde, jirani yake akautia katika lugha ya mlimani, wafugaji wakaupokea kwa yao, na mwanamke huyu akaumalizia kwa lugha ya watu wa mikokoteni, ambao walitoka nyanda za joto vizazi vingi nyuma, wakaokota neno hapa na neno pale katika kila nchi waliyofukuzwa, lakini maji bado wanayaita vile vile wanavyoyaita wale waliowaacha nyuma. Njia yote hiyo, na ombi halikumwagika hata tone. Lilimfikia Behruz likiwa zima, na yeye ndiye aliyekuja kulivunja.

Alikuwa mkariri mkuu wa Nyumba ya Sauti. Humo hukaririwa maneno ya Mama wa Kwanza, yule ambaye lugha za nyanda na milima yote ile zilitoka tumboni mwake. Hayakuandikwa. Mwanafunzi huyashika kwa sikio, akayasema kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, kisha kwa kuyasuka mawili mawili kama anayesuka ukili, ili neno lisipate mwanya wa kutoroka wala pumzi isipungue. Kabla ya kukaa mbele ya moto hujifunga kitambaa cheupe mdomoni, mate yake yasije yakauchafua. Na hakuna anayeuliza maana. Maana ilikwisha kupotea siku nyingi, na wakubwa wa nyumba waliona afadhali, kwa sababu kitu kisichoeleweka hakibishaniwi. Aliyeuliza alipelekwa jikoni. Huko jikoni walikuwa na maneno mengine, ya kuombea chumvi na kugombania mwiko, na hayo hakuna aliyeyafunga kitambaa. Yalibadilika kila kizazi, yalichafuka, yaliazimwa na kurudishwa yakiwa yamechakaa, na yalikuwa na afya tele.

Nimejiuliza mara nyingi, na mpaka leo sina raha na jibu: kati ya maneno yaliyolindwa yasiguswe na maneno yaliyoshikwa na kila mkono wenye unga, yapi yalikuwa hai? Behruz hakujiuliza. Alikuwa na sikio lililosifiwa nchi nzima, na mtu mwenye sikio la kusifiwa huwa hana haraka ya kujiuliza.

Akaondoka asubuhi hiyo hiyo.

Katika nchi ile wakati haukai mahali pake. Unaweza kutembea kwenda mbele ukakuta jambo lililotokea kabla hujazaliwa bado linaendelea, watu wamelishikilia hawataki kuliachia. Ndivyo alivyowakuta dada wawili mtoni. Watoto wa Mama wa Kwanza walikuwa wawili kabla hawajawa umati. Mmoja alivuka mto akaenda kwenye nyanda za mvua, mwingine akabaki kwenye uwanda wa juu wenye upepo. Waligombana. Kwa ajili ya nini, hakuna anayekumbuka. Inajulikana tu kwamba miungu waliosujudiwa upande huu waligeuzwa mashetani upande wa pili, na kila dada aliona mwenzake ndiye aliyepotoka. Behruz aliwaona wakifua nguo, kila mmoja na ukingo wake, wasichana wabichi ambao walipaswa kuwa wamekufa maelfu ya miaka iliyopita. Walikuwa wakirushiana maneno. Walipotaja mama, walipotaja jina, walipotaja jino na nyota, sauti zao zilikaribiana sana mpaka msikilizaji angeweza kulia. Wao hawakusikia. Kila mmoja alisikia kejeli tu.

Wenye vitabu wamewapa wajukuu wa dada hao majina: upande huu Kiajemi, Kikurdi, Kipashto, Kibaluchi, upande ule Kihindi, Kibengali, Kisindhi, Kigujarati, na katikati, kwenye mikunjo ya milima, vitoto vingine ambavyo haijulikani vizuri vilale kitanda cha nani. Lugha ya bonde la kina Behruz ilikuwa moja ya vitoto hivyo. Haikuwahi kuwa na mfalme. Hakuna aliyeandika kwayo hata barua ya kudai mbuzi.

Akapita ua wa Bibi wa Kasri. Huyu ni mjukuu aliyefanikiwa kuliko wote, Kiajemi mwenyewe, aliyeolewa na wafalme wa kila namna. Wavamizi walikuja na panga wakaondoka wakiimba mashairi yake. Wageni walimletea herufi zao akazivaa zikampendeza, wakamletea na maneno yao akayapokea, na bado alijijua ni nani. Naye alikuwa mkarimu kupita kiasi. Alimwazima maneno kila aliyebisha hodi, na hata kwetu pwani aliyafikisha. Sema rangi, sema bustani, sema bandari, sema dirisha, na bibi huyo atageuza shingo kuona nani anamwita. Mimi ninayesimulia nimevaa nguo zake nyingi na sijawahi kuambiwa nizivue.

Langoni Behruz alimwona kijana mwembamba akijizoesha salamu za kasri, akizirudia kwa sauti ya chini, akifuta kila dalili ya bonde katika matamshi yake. Alimtambua kwa shuka aliyojifunga. Sabza ndiye aliyeishona. Kijana alikuwa yeye mwenyewe wa zamani. Alitaka kumshika bega amwambie rudi nyumbani, haya unayoyaonea aibu ndiyo utakayoyatafuta. Lakini kijana alimtazama juu mpaka chini kwa dharau ya watu wanaojifunza adabu mpya, na Behruz akapita.

Nilikuwa na haraka gani? aliwaza Behruz.

Nani alinicheka? Hakuna aliyenicheka. Nilijicheka mwenyewe kwanza, nikawatangulia.

Alipofika bondeni theluji ilikuwa imeanza kushuka. Sabza alikuwa ameketi kwenye godoro karibu na jiko, miguu imevimba, macho yale yale. Alikuwa mdogo wake, lakini miaka ilikuwa imempita haraka zaidi, naye sasa alionekana kama mama yao. Alipomwona alipiga kelele neno ambalo Behruz hakuwa amelisikia tangu ujana wake, neno ambalo katika bonde lile dada humwita kaka aliyemzidi umri. Alilia. Naye Behruz alilia, sitamnyima hilo.

"Kaa, kaka," alisema Sabza. "Umekonda. Wanakulisha nini huko, moshi?"

Behruz alifungua mdomo kumjibu. Alielewa kila kitu, maneno yalimwingia bila kubisha hodi. Lakini kutoka yalikataa. Alitafuta namna ya kusema "nakula vizuri," akakamata mwanzo akapoteza mwisho, na alichotoa kilikuwa kimepinda kama cha mtoto anayeanza kusema. Sabza akacheka kwa furaha, akampigia makofi. Behruz uso ulimwiva. Mtu ambaye hakuwahi kukosea pumzi moja mbele ya moto alikuwa amekosea kusema ameshiba.

Siku hiyo hakujaribu tena. Alifanya alichokijua. Alifungua kifurushi chake, akatoa kitambaa cheupe, akajifunga mdomoni, akakaa kwa kukunja miguu mbele ya dada yake.

"Sema wewe," alimwambia kwa lugha ya kasri, ambayo Sabza aliijua kidogo. "Sema chochote. Mimi nitashika. Halitapotea neno hata moja."

"Nilikuita tuzungumze."

"Ndiyo. Anza."

Sabza alikitazama kitambaa kile. Alikuwa mtu mwenye imani na kaka yake, tena msomi wa nyumba kubwa, akafikiri labda ndivyo mazungumzo yanavyoanza huko. Akasema namna ya kukausha matunda ya mishmishi juani. Behruz akayarudia yote, sauti yake Sabza, mapumziko yake Sabza, hata kikohozi. Lilikuwa jambo la kushangaza kulisikia. Sabza alitabasamu, akangoja. Hakukuja kitu kingine.

Kesho yake alikuja Didar, jirani, mjane mwenye ndevu zilizoganda barafu, amebeba kuni. Lugha ya Didar ilikuwa ya mlima wa juu, na haikuwa na undugu na yeyote. Si ya dada wa huku wala ya dada wa kule. Ilikuwepo pale kabla Mama wa Kwanza hajapitisha ng'ombe wake. Lugha ya bonde alikuwa amejifunza ukubwani, kwa kubadilishana mishmishi na jibini, na aliisema ovyo kabisa. Alitupa kuni chini akasema jambo kuhusu mbuzi dume wake aliyekwama kwenye dirisha la msikiti, na katika kulisema alivunja kila kilichoweza kuvunjika. Sabza alicheka mpaka akashika ubavu. Akamjibu. Didar naye akamjibu. Wakatupiana maneno hivyo, Sabza akimtania kwamba mbuzi amemrithi yeye akili, Didar akiapa kwamba mbuzi ana akili zaidi, na nyumba ikapata joto kupita la kuni.

Behruz alisikiliza kwa uchungu. Kisha alisikia kitu kilichomshtua: Sabza, katika kujibu, alitumia neno kwa namna ya Didar, namna iliyopinda. Alilisema kwa mapenzi tu, kama mtu anavyovaa kofia ya mwenzake kwa mzaha. Lakini Behruz aliona ufa kwenye chombo cha mwisho.

Alimfuata Didar nje.

"Usije tena," alimwambia kwa lugha ya kasri, ambayo Didar naye aliifahamu.

Didar alidhani hakusikia vizuri. "Nani atamletea kuni?"

"Nitaleta mimi. Wewe unaharibu maneno yake. Anaanza kusema kama wewe. Nikishika makosa yako nikadhani ni ya bonde, vizazi vyote vitakavyokuja vitasema makosa yako."

"Vizazi vipi, bwana mkubwa? Hapa tuko sisi watatu."

"Huwezi kuelewa. Lugha yako wewe haina hata ndugu."

"Kweli haina," alisema Didar bila kukasirika. "Ningengoja ndugu ningekuwa bubu mpaka leo. Ndiyo maana nasema na jirani." Akatazama mlango. "Anapenda kujibiwa, huyo. Usimwache hivi hivi."

Akaenda zake mlimani. Alikuwa mtu wa heshima, na kaka ni kaka. Katika nchi ile jirani haingii kati ya mtu na nduguye.

Baada ya hapo ndani mle mlikuwa na sauti mbili na msemaji mmoja. Sabza alisema, Behruz alirudia. Alitoa majina ya majani ya malisho, nyimbo za kubembeleza watoto aliowazika, matusi ya mama mkwe, maneno ya kumtuliza ng'ombe anayezaa. Behruz aliyapokea yote kwa ustadi ambao haujapata kuonekana. Kama Sabza alisimulia jambo mara ya pili kwa njia nyingine, alimsimamisha.

"Jana hukusema hivyo. Jana ulianza na mvua."

"Jana nilikumbuka mvua. Leo nimekumbuka mama alivyokuwa amevaa. Wewe unakumbuka alivyokuwa amevaa, kaka?"

Behruz alirudia: "Wewe unakumbuka alivyokuwa amevaa, kaka?"

"Nimekuuliza."

"Umeuliza vizuri. Rudia hapo mwisho, sauti ilipanda au ilishuka?"

Sabza alimtazama muda mrefu. Kisha akarudia, kwa upole, kama ambavyo angempa mgeni chakula ambacho yeye mwenyewe hakukitaka. Siku zilivyokwenda alipungua maneno. Hakumlaumu. Mara nyingine alitazama mlango, na mara moja alimwita mbuzi wa Didar kwa jina, peke yake, akatabasamu, na tabasamu likazimika kwa kukosa mtu.

Ninamhurumia Behruz, lakini nina hasira naye, na hasira inazidi. Alikumbuka mama yao alivyokuwa amevaa! Koti la buluu lenye kiraka begani. Jibu lilikuwa pale, nyuma ya kitambaa, limekaa tayari. Angelisema kwa makosa, kwa lugha iliyopinda, kwa kigugumizi, na Sabza angepiga makofi. Lakini aliogopa kuwa mtu wa kwanza kuichafua lugha ya mama yake, akaiacha safi.

Alasiri moja theluji ilikuwa nzito na mwanga wa dirishani mweupe. Sabza alikuwa amelala ubavu, shuka mpaka kidevuni. Tangu asubuhi hakuwa amesema kitu. Behruz alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, mbali kidogo, umbali ambao mkariri huuweka ili asikie vizuri.

"Baridi, kaka," alisema Sabza. "Sogea."

Behruz alirudia: "Baridi, kaka. Sogea."

Alilirudia vizuri ajabu. Kulikuwa na mtetemo mdogo kwenye neno la kwanza na pumzi ndefu kabla ya la mwisho, naye aliviweka vyote mahali pake. Sabza alifumbua macho. Akasema tena maneno yale yale, chini zaidi. Behruz aliona kwamba mara hii pumzi ilikuwa fupi, akalirudia na hilo, na moyoni akaanza kupima lipi lishikwe kuwa ndilo hasa. Alikuwa bado anapima alipogundua kwamba mle ndani kilichobaki kilikuwa kimya cha mtu mmoja.

Hakusogea hata hapo.

Didar ndiye aliyechimba. Ardhi ilikuwa imeganda ikabidi awashe moto juu yake kwanza. Walipomaliza kufukia, alichuchumaa pale kaburini akasema na Sabza kwa lugha ya bonde, kwa makosa yake yote: kwamba mbuzi ametoka dirishani, kwamba ameleta kuni lakini amechelewa, amsamehe. Akainamisha kichwa upande, kama anayesikiliza, kisha akatikisa kichwa na kucheka kidogo na kufuta macho. Behruz alisimama nyuma yake na lugha nzima kichwani, haikumtoka silabi.

Katika Nyumba ya Sauti alipokewa kwa shangwe. Wakubwa walisema halijawahi kutokea: lugha nzima kuokolewa kutoka kinywa kimoja, bila doa. Walimpa ukumbi mpya na wanafunzi wenye masikio mazuri. Akawafundisha mishmishi, akawafundisha malisho, nyimbo, matusi ya mama mkwe. Walimezeshwa bila kujua wanameza nini. Mgeni aliyesimama nje ya ukumbi ule angedhani ndani kuna bonde zima lenye watu.

Miaka ikapita, kwa namna miaka inavyopita huko, ikawa siku ya somo la mwisho. Behruz alilisema mara moja. Wanafunzi wakavuta pumzi wakalipokea kwa pamoja, wote na mtetemo ule, wote na pumzi ile ndefu, sauti ya Sabza ikitoka vifuani mwao:

"Baridi, kaka. Sogea."

Akatazama safu zile. Hakuna aliyesogea. Walikaa wima, kila mtu mahali pake, macho mbele, wakingoja kuambiwa kama wamepatia. Wakarudia, kama walivyozoezwa. Baridi, kaka. Sogea. Tena. Na Behruz, aliyelisema neno hilo mara zisizo na idadi, kwa mara ya kwanza alilisikia.

Aliinuka. Kitambaa alikivua akakiacha kianguke. Magoti yalikuwa mabovu, akatembea kwa kushika ukuta mpaka katikati ya wanafunzi, akakaa chini sakafuni, karibu kabisa, bega kwa bega na yule wa kwanza, na kwa lugha ya bonde, kwa makosa, neno moja limepinda na lingine halina mwisho, akasema:

"Nimesogea, dada. Niko hapa. Alivaa koti la buluu."

Kwikwi ilikuwa imemkaba katikati, na alipofika mwisho hakuweza kuendelea.

Wanafunzi walitazamana. Hilo hawakuwahi kulisikia, lakini walikuwa wamefundwa vyema na mwalimu bora kuliko wote. Wakavuta pumzi, wakasema kwa sauti moja, "Nimesogea, dada. Niko hapa. Alivaa koti la buluu," kila kosa mahali pake, na kwikwi vile vile, pale pale katikati.